Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchagua Zana za Kutengenezea Gari Nyumbani

Majibu yaliyo hapa chini yanamhusu zaidi mtu mwenye gari dogo la Kijapani lililoletwa likiwa limeshatumika, iwe ni Toyota IST, Vitz au Probox, Nissan Note, Honda Fit, au Suzuki Carry ile ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la Kirikuu, na ambaye anataka kubadilisha oili, plagi, betri na pedi za breki uani kwake bila kuacha shughuli zake za kila siku. Mwenye gari la Ulaya atapata ya kwake pia, ila saizi za spana zitamtofautia, na hilo limeelezwa mahali pake.

Nianze kwa kununua zana zipi?

Kabla ya kwenda dukani, andika kazi unazokusudia kuzifanya katika miezi sita ijayo, kisha fungua boneti na uchungulie chini ya gari uione kila boliti utakayoigusa. Orodha ya zana hutoka hapo. Chukua mfano wa kubadilisha oili katika Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo imo katika IST nyingi na Probox nyingi: unahitaji spana ya milimita 14 kwa ajili ya boliti ya kumwagia oili, kofia ya kufungulia filta yenye kipenyo kinacholingana na filta yenyewe, jeki, stendi mbili, chombo cha kukingia oili chafu, funeli, na oili lita 3.7. Zana zenyewe hazifiki kumi.

Betri inahitaji spana ya 10 na brashi ya waya ya kusafishia vichwa vyake. Plagi za injini hiyo hiyo zinahitaji soketi ya 10 ya kufungulia koili (vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi), soketi maalumu ya plagi ya 16 yenye mpira ndani wa kuishika plagi isidondoke, na kiungo cha kurefushia kwa sababu plagi zimezama chini kabisa ya kifuniko cha injini. Pedi za breki za mbele zinataka soketi ya magurudumu, spana ya 14 mara nyingi, na klampu ya kurudishia pistoni ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kazi hizo nne hubeba sehemu kubwa ya matengenezo ya kawaida ya gari dogo, na zote zinafanyika kwa zana zinazoingia katika begi moja la turubai.

Je, si nafuu kununua sanduku zima lenye vipande zaidi ya mia?

Bei ikigawanywa kwa idadi ya vipande, sanduku huonekana nafuu, na ndiyo maana linauzika. Lakini hesabu vipande hivyo vizuri. Katika masanduku mengi ya namna hiyo, nusu ya vipande au zaidi ni vichwa vidogo vya bisibisi, funguo za pembe sita na soketi ndogo za milimita 4, 5 na 6 ambazo gari lako halitaziomba kwa miaka mingi. Wakati huo huo soketi ya 21 ya nati za magurudumu ya Toyota inaweza isiwemo, soketi ndefu huwa chache, na mpini wa racheti, yaani ule wenye meno unaozungusha soketi upande mmoja na kurudi bila kuizungusha, ambao ndio unaobeba kazi yote, ndio mahali ambapo mtengenezaji amebania chuma.

Hata hivyo nisiseme kwamba sanduku halifai kamwe. Mtu anayeanza akiwa hana hata spana moja anaweza kununua sanduku dogo la wastani, lenye racheti ya mraba wa inchi tatu kwa nane na soketi kuanzia 8 hadi 19, kisha akaongeza kimoja kimoja anachokihitaji. Kosa ni kununua sanduku kubwa la bei ya chini kwa fedha ambazo zingetosha kununua jeki nzuri na stendi, kwa kuwa racheti mbovu hukuchubua vidole, lakini jeki mbovu huua.

Ni saizi zipi za spana ambazo gari la Kijapani linazitumia kweli?

Magari ya Kijapani hutumia milimita, na mfululizo wake unajirudia: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Ukiwa na hizo saba, katika soketi na katika spana za mkono, utafungua karibu kila kitu kinachomhusu mtu wa nyumbani. Ya 10 ndiyo itakayofanya kazi kuliko zote, kwani hufunga betri, koili, vifuniko vya plastiki, mabano ya nyaya na kadhalika, na ndiyo pia inayopotea mara kwa mara, ikidondoka katikati ya injini na kujificha juu ya kinga ya chini. Nunua tatu.

Nati za magurudumu hutofautiana kwa kampuni. Toyota nyingi na Nissan nyingi ni za 21, ilhali Honda, Subaru na Suzuki nyingi ni za 19. Usidanganyike na kufanana kwa vichwa ukadhani nati zinaweza kubadilishana, kwa sababu nyuzi za ndani ni tofauti: Toyota na Honda hutumia nyuzi za milimita 12 kwa 1.5, yaani kipenyo cha 12 na nafasi ya 1.5 kati ya uzi na uzi, na Nissan, Subaru na Suzuki hutumia 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota ikilazimishwa kwenye stadi ya Nissan, ile boliti ya gurudumu inayopokea nati, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itaharibu stadi.

Magari ya Ulaya, hususan ya Kijerumani, yanapenda 13, 15, 16 na 18, na mara kwa mara yana boliti zenye tundu la nyota ya pembe sita ambayo haifunguki kwa bisibisi ya nyota ya kawaida. Ukiwa na Volkswagen au Mercedes-Benz, kagua hilo kabla ya kununua chochote. Spana za inchi zinahitajika katika magari ya zamani ya Kimarekani na Kiingereza, na kwa mtu mwenye Vitz ni mzigo mtupu. Ziache, hata ukipewa kwa bei ya kutupwa, kwa sababu siku moja utakuwa na haraka na utatumia spana ya nusu inchi kwenye boliti ya 12. Nusu inchi ni milimita 12.7, na pengo hilo dogo linatosha kuimaliza boliti pembe zake.

Soketi ya pembe sita ina tofauti gani na ya pembe kumi na mbili?

Soketi ya pembe sita hushika boliti kwenye bapa zake na kwa hiyo haiimalizi pembe kwa urahisi. Ya pembe kumi na mbili huingia haraka mahali pa kubana lakini hushika karibu na ncha za pembe, na boliti yenye kutu huipa nafasi ya kuruka. Kwa soketi, nunua za pembe sita. Kwa spana za mkono, spana yenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili inatosha, ilimradi ukumbuke kwamba ringi ndiyo ya kulegezea na mdomo wazi ni wa kuzungushia nati ambayo imeshalegea.

Robo inchi, tatu kwa nane na nusu inchi: nichague mpini upi?

Vipimo hivi ni vya kipande cha mraba kinachounganisha mpini na soketi, na havina uhusiano na saizi ya boliti, jambo linalowachanganya wengi. Mpini wa tatu kwa nane ndio wa kununua kwanza, kwa sababu unafaa kwa boliti za 10 hadi 17. Wa nusu inchi ni wa magurudumu na boliti za chini ya gari. Robo inchi inaweza kusubiri.

Unaponunua racheti uliza ina meno mangapi. Yenye meno 72 hushika kila unapoisogeza nyuzi 5 za duara, ilhali yenye meno 24 inataka nyuzi 15, na ndani ya injini iliyobanana kama ya Suzuki Carry, ambayo iko chini ya viti, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama boliti itafunguka au utaondoa viungo vingine vitatu kwanza. Pamoja na racheti, nunua mpini mrefu usio na racheti kwa ajili ya kulegezea nati zilizokazwa sana. Kuchomeka bomba kwenye racheti ili kuongeza nguvu ni njia ya haraka ya kuvunja meno ya racheti hiyo.

Kwa nini bisibisi yangu ya nyota inaruka na kuharibu parafujo za gari la Kijapani?

Kwa sababu huenda si nyota ile unayoidhani. Parafujo nyingi katika magari na pikipiki za Kijapani zilitengenezwa kwa kiwango cha Japani kiitwacho JIS, ambacho tundu lake linafanana na nyota ya kawaida ya Phillips lakini pembe zake za ndani ni tofauti kidogo. Bisibisi ya Phillips haizami hadi mwisho ndani ya tundu hilo, hivyo ukiongeza nguvu inapanda na kulichimba. Baadhi ya parafujo hizo zina alama ya kitone kidogo kando ya tundu, ingawa kukosekana kwa kitone si ushahidi kwamba parafujo ni ya aina nyingine.

Dawa yake ni bisibisi moja ya JIS ya namba 2 na nyingine ya namba 3, kwa mfano za Vessel ya Japani. Ndizo bisibisi pekee ambazo ningekushauri kuzitafuta kwa jina, kwa kuwa hizi nyingine zote hutofautiana kidogo sana. Parafujo mbili zinazoshikilia diski ya breki katika Honda nyingi ni maarufu kwa kukwama. Bila bisibisi inayozama sawasawa, na nyundo ya kuigonga kwanza ili kuishtua kutu, utaishia kuzitoboa kwa drili.

Jeki iliyokuja na gari haitoshi?

Inatosha kwa kazi iliyotengenezewa, yaani kubadilisha tairi barabarani, na haitoshi kwa kazi nyingine yoyote. Jeki hiyo ya mkasi ina msingi mwembamba, na gari likisukumwa kidogo kwa kuvuta spana hulala ubavu. Kwa kazi za nyumbani tafuta jeki ya magurudumu ya tani 2 au zaidi. Jeki ya chupa ina nguvu, ni ndogo na bei yake ni nzuri, lakini husimama juu sana chini ya gari lililo chini kama Vitz, kwa hiyo pima nafasi iliyopo kabla ya kulipa.

Jambo zito zaidi ni stendi. Jeki yoyote ya mafuta hushikilia gari kwa mpira mdogo wa ndani unaozuia mafuta yasivuje, na mpira huo ukichoka, gari linashuka, pengine polepole na pengine kwa ghafla. Jeki ni ya kuinulia, stendi ni ya kushikilia, na hakuna sehemu ya mwili inayopaswa kuingia chini ya gari kabla stendi hazijawekwa. Zinunuliwe mbili, zenye uwezo wa tani 2 au 3, na usome kwa makini kama uwezo ulioandikwa ni wa stendi moja au wa jozi. Chunguza meno yake: kile kidole cha chuma kinachoshika jino lazima kizame chote, na baada ya kulishusha gari juu yake lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni kabla ya kuingia chini. Hata bidhaa za nchi tajiri hazikuepuka tatizo hili, kwani mwaka 2020 huko Marekani stendi kwa mamia ya maelfu zilirudishwa kwa sababu meno yake yalikuwa yanaweza kuachia.

Tofali la saruji si stendi. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika na kwa hiyo hutoa onyo, ilhali tofali hupasuka lote kwa mara moja, tena kwa mtikisiko mdogo tu kama ule wa kugonga boliti kwa nyundo. Gogo la mti mgumu lililokatwa bapa ni afadhali mara kumi, na tairi la akiba lililolazwa chini ya gari ni kinga nzuri ya pili, ingawa si mbadala wa stendi.

Uani kwetu mara nyingi ni udongo au mchanga. Miguu ya stendi huzama, upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo weka chini yake ubao mgumu au bamba la chuma lenye upana wa kutosha. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa kabari, na fikiri ni breki ipi inayobaki ikifanya kazi: breki ya mkono katika magari haya hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukiinua nyuma umeiondoa, na gia ya P katika gari linalovutwa kwa mbele hushika magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiinua mbele umeiondoa nayo. Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kisha inua. Sehemu za kuwekea jeki zimewekewa alama za mikato kwenye ukingo wa chini wa ubavu wa gari. Ukiweka mahali pengine utakunja bati.

Je, ninahitaji toki renchi kweli, au mkono unatosha?

Fundi aliyekaza boliti maelfu anaweza kuuamini mkono wake. Mtu anayefungua gari mara nne kwa mwaka hana mkono huo, na makosa yake huwa ya aina mbili: anakaza nati za magurudumu kupita kiasi, akirukia spana kwa mguu, na anakaza boliti ndogo za alumini hadi nyuzi zinatoka pamoja na boliti. Nimewahi kung'oa nyuzi za sampu ya oili, ile karai ya chini ya injini, kwa njia hiyo, nikijiambia kwamba nakaza kidogo tu ili isivuje, na gharama ya kuitengeneza ingetosha kununua toki renchi mbili.

Toki renchi ni spana inayopima nguvu ya kukaza na kutoa mlio inapofika kipimo ulichoweka. Vipimo huandikwa kwa nyutoni mita (Nm), au kwa kilo sentimita katika vitabu vya zamani vya Toyota. Nati za magurudumu za Toyota ndogo hukazwa kwa Nm 103, ambazo kitabu huziandika pia kama kilo sentimita 1,050. Boliti ya kumwagia oili katika injini ya 1NZ-FE ni karibu Nm 37, na plagi za injini nyingi ndogo za Toyota ni kati ya Nm 18 na 25. Gari lako likiwa la aina nyingine, kipimo chake kitafutwe katika kitabu cha gari hilo na si katika kichwa cha jirani.

Spana hizi hupima vizuri katika sehemu ya juu ya uwezo wake, na chini ya asilimia 20 ya kipimo cha mwisho hazitegemeki. Yenye uwezo wa Nm 210 haifai kukazia plagi. Ukiwa na fedha ya moja tu, nunua ya nusu inchi kwa ajili ya magurudumu. Ya tatu kwa nane ije baadaye kwa ajili ya oili na plagi. Kila unapomaliza irudishe hadi alama ya chini kabisa ili springi ipumzike, na usiitumie kulegezea kitu.

Kuikagua nyumbani kunawezekana kwa dumu la lita 20. Dumu lililojaa maji lina uzito wa kilo 21 hivi, ukihesabu na uzito wa dumu lenyewe, na ukilining'iniza kwenye mpini uliolala sawa na ardhi, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, linaleta mkazo wa takriban Nm 103. Weka spana kwenye 103, bana boliti mahali imara, ning'iniza dumu taratibu kwa kamba: mlio ukitokea karibu na hapo, spana iko sawa kwa kazi ya magurudumu. Dumu likibaki linaning'inia kimya, au spana ikilia dumu likiwa nusu, irudishe dukani. Kwa asiye na toki renchi kabisa, mpini wa nusu mita na dumu hilo hilo ni kipimo bora kuliko kurukia kwa mguu.

Kifaa cha kusomea hitilafu kinafanya kazi kwa kila gari?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Kiwango cha OBD-II, yaani utaratibu wa pamoja wa kompyuta ya gari kutoa taarifa za hitilafu kwa kifaa cha nje, kililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani katika miaka hiyo linaweza kuwa na tundu lile lile la pini 16 chini ya usukani, lakini kompyuta yake ikazungumza lugha nyingine, na kifaa cha bei ndogo kinachounganishwa na simu kikakuambia tu kwamba hakioni gari. Magari ya karibuni hayana shida hiyo kwa kiasi kikubwa, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, mnunuzi wa huko ana nafasi nzuri zaidi ya kufanikiwa kuliko mwenye IST ya mwaka 2003. Njia ya uhakika ni kuomba kukijaribu kifaa kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Kifaa kikikubali, kisome kwa akili. Namba P0171 inasema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyomo. Haisemi ununue sensa. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, ambao unaonekana kwa macho. Futa namba, endesha, uone kama inarudi.

Na mita ya umeme?

Ninaiweka mbele ya kifaa cha hitilafu, kwa bei yake na kwa kazi zake. Betri iliyopumzika usiku kucha ikionyesha volti 12.6 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, na chini ya 12 imekwisha chaji. Injini ikiwaka, usomaji wa volti 13.8 hadi 14.5 unaonyesha kwamba alteneta, yaani jenereta ya gari, inachaji. Vipimo hivi viwili huzuia kosa la kila siku la kununua betri mpya kwa ajili ya alteneta mbovu. Unapofungua betri, anza na upande wa hasi, na unapofunga umalizie na hasi. Nyaya za manjano za mifuko ya hewa, na nyaya za rangi ya machungwa katika magari ya haibridi kama Prius na Aqua, usizichome mita wala usizifungue.

Nitaitambuaje spana nzuri dukani?

Nenda na boliti yako. Chukua boliti mpya mbili, yenye kichwa cha 10 na yenye kichwa cha 14, uziingize katika soketi unayotaka kununua na uzizungushe kwa vidole. Zikicheza sana, rudisha soketi. Maneno ya chuma cha kromu na vanadi hugongwa hata kwenye zana duni, kwa hiyo yasome lakini usiyategemee peke yake. Tazama ukingo wa ndani, uone kama umechongwa sawa pande zote, na usikilize racheti: mlio uwe wa kufanana kutoka jino hadi jino.

Gerezani karibu na Kariakoo jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala ni sehemu ambazo wauzaji wa zana na vipuri wako jirani, na faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha kabla ya kununua. Zana mpya za kiwango cha kati za chapa kama Total, Ingco na King Tony zinatosha kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Ukikutana na spana zilizotumika za KTC au Koken za Japani, na midomo yake haijapanuka, usizipite. Stendi na jeki zilizotumika sizinunui, hata muuzaji aape vipi.

Vipi kuhusu mashine ya kufungulia nati?

Si lazima. Ukiinunua, itumie kulegezea tu, na ununue soketi nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Zile zinazong'aa ni ngumu zaidi na zinaweza kupasuka kwa mapigo na kuruka vipande. Vaa miwani.

Oili chafu niiweke wapi?

Dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililokatwa ubavuni ni chombo bora cha kukingia kuliko vingi vya dukani, kwa kuwa linaingia chini ya gari likiwa limelala na mdomo wake unatumika kumiminia. Hamishia oili kwenye chupa zilizokuja na oili mpya na uzipeleke kwenye gereji inayokusanya. Usiimwage shimoni, hasa ukiwa na kisima.

Ni kazi zipi ambazo sipaswi kuzinunulia zana?

Springi za shokapu. Kifaa cha kuzibana kinauzwa kwa bei inayovutia, lakini springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa, na kazi yenyewe utaifanya mara moja katika miaka mitano. Gesi ya kiyoyozi nayo inahitaji mashine ambayo haina maana nyumbani. Kifaa cha kuchomolea bearingi za magurudumu kiazime au ulipie gereji yenye mashine ya kukandamiza. Kanuni ninayoifuata ni kwamba zana nitakayoitumia chini ya mara tatu, na inayozidi bei ya fundi kuifanya kazi hiyo mara moja, siinunui.

Ninaishi pwani na spana zinashika kutu. Nifanyeje?

Zifute kwa kitambaa chenye oili safi kidogo kila baada ya kazi, na usizifungie katika sanduku la plastiki zikiwa na jasho la mkono. Mwenye gari la Mombasa, Tanga au Unguja aongeze pia mafuta ya kulainisha kutu na brashi ya waya katika orodha yake ya kwanza kabisa, kwa sababu boliti za chini ya gari zitamsumbua kuliko za mtu wa Dodoma. Kutu hiyo huenda ilianza hata kabla ya meli kung'oa nanga, kama gari lilitumika katika mikoa ya Japani yenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi.

Jirani akija kuazima?

Mpe, kwani na wewe utaazima. Paka mkanda wa rangi moja kwenye kila kipande, panga soketi katika reli yake ili nafasi tupu ionekane, na uzihesabu mbele yake zinapotoka na zinaporudi. Toki renchi sitoi, kwa sababu ikidondoka chini mara moja inaweza kupoteza kipimo chake bila kuonyesha alama yoyote. Badala yake humwambia jirani alete gari, nami nikamkazia nati zake mwenyewe akishika tochi.